Ukiambiwa usimwambie mtu, hapo hapo mwambie mtu

Kama ulishawahi kupata ile meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani" ukaicheka ukaifuta, basi jua siku hiyo hiyo kuna mtu mwingine kaipata, na yeye kweli kuna hela alikuwa anatakiwa kumtumia mtu, kodi ya nyumba au hela ya fundi au ada ya mtoto, na hakuifuta. Hiyo meseji haikuja kwako kwa sababu wanakujua. Imetumwa kwa namba kibao kwa mkupuo, na wanachohitaji wao ni mmoja tu katika hao wote ambae ndo kwanza katoka kuongea na mwenye nyumba wake akamwambia "nakutumia jioni". Ndo maana zinakuja sana mwisho wa mwezi, na mwezi wa kwanza shule zikifungua ni balaa. Na ukiiangalia vizuri haitaji kiasi, haitaji jina lako, haisemi nani anakuandikia. Vyote hivyo wamekuachia wewe ujazie mwenyewe kichwani.

Naandika haya kwa sababu mimi ni wakala wa hela za simu, kibanda changu kiko Mbagala, Dar es Salaam, na kazi hii unaona vitu ambavyo mtu aliyekaa nyumbani haoni. Tapeli anapiga simu kutoka huko aliko ila hela ya mama yako inapitia dirishani kwangu. Sura naziona. Mtu anaemtumia hela ndugu yake kijijini namjua akija, anapiga stori, analalamikia makato, anaomba nimwangalizie kama imefika. Mtu anaetuma hela huku kashikiwa akili hapigi stori. Anaangalia chini, simu iko sikioni, ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Linaniuma sana hili jambo na sitaki kuliongelea kama habari ya mbali, kwa sababu wengi wanaopigwa ni watu wazima, wastaafu, akina mama wenye hela ya kikoba mkononi ambayo sio yao peke yao, na vijana waliokopa.

Watu wanapenda kuulizana "utapeli mpya siku hizi ni upi" na kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka tahadhari mpya, sijui ukipigiwa na namba inayoanzia hivi usipokee, sijui ukibonyeza tisa laini inakufa, nyingine ni uongo mtupu. Mimi naona huwezi kuzimaliza kuzijua zote, zinabadilika nguo kila siku. Ila kuna kitu kimoja nakikuta kwenye karibu zote na ndicho nataka ukishike: mahali fulani kwenye maongezi lazima utaambiwa usiongee na mtu mwingine. Watasema usikate simu, au usimwambie wakala, au hii ni siri ya ofisi, au usiwasikilize wenye wivu. Wanajua kabisa kwamba ukiisema hiyo habari kwa sauti mbele ya mtu mwingine yeyote, hata mtoto wa darasa la saba, inavunjika palepale.

Nikupe mfano, vitu vingine nimebadilisha ili mwenyewe asijulikane. Alikuja mama mmoja mchana, mtu mzima, simu ameibana kwa bega, hela kaifunga kwenye kona ya kanga. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, niwekee laki mbili na nusu kwenye simu yangu. Nikamwekea, maana mtu kuweka hela kwenye namba yake mwenyewe hakuna tatizo. Badala ya kuondoka akasogea pembeni ya kibanda akaanza kubonyeza, na kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri alikuwa anarudia kwa sauti kila anachoambiwa. Nyota, moja, tano, sifuri, nyota, sifuri, sifuri, reli. Moja. Tena moja. "Hapo niweke namba ya fomu? Haya. Sifuri, saba..." Namba ya fomu gani inaanza na sifuri saba, hiyo ni namba ya simu ya mtu. Alafu nikasikia "kodi ya uhakiki, mbili, nne, tano, sifuri, sifuri, sifuri". Hiyo sio kodi yoyote. Hiyo ni laki mbili na arobaini na tano, na elfu tano wamemuachia makusudi kwa ajili ya makato ili muamala usigome.

Nikatoka nje nikamwambia mama naomba usiweke namba ya siri kwanza. Akanizuia kwa mkono, subiri. Nikaja kujua baadae kwamba alishaambiwa mawakala ndio wanaoshirikiana na wezi kwa hiyo asiongee na mimi mpaka zoezi liishe. Nikamwambia taratibu, sawa mama siongei, ila nisomee tu hilo jina lililotokea hapo kwenye kioo. Akasoma. Majina matatu ya mwanaume. Nikamuuliza huyu unamfahamu? Kimya. Nikaomba simu nikasema habari kaka, mimi ni mtoto wake mama, nani mwenzangu? Jamaa akasema kwa ukali kabisa kwamba anashughulikia mafao ya marehemu na mimi namchelewesha mama yangu asilipwe, nikamuuliza ofisi yenu iko wapi nimlete mama kwa miguu yake, ikakatika. Walimwambia mafao ya mume wake yameshatoka ila mfumo unataka laini ihakikiwe ikiwa na salio lisilopungua laki mbili na nusu. Jina la marehemu wanalijua, na alikokuwa anafanya kazi wanapajua.

Alivyokaa kwenye benchi akapumua, neno la kwanza kuniambia lilikuwa "mwanangu, usimwambie mtu".

Na hela haijaibiwa hapo. Imeokolewa yote, na bado anaona aibu. Sasa fikiria yule ambae imeenda kweli anavyojifungia nayo. Hii aibu ndio inayowalisha hawa watu, kwa sababu huyu akinyamaza jirani yake nae anapigiwa simu ile ile wiki ijayo kwa maneno yale yale, na hakuna wa kumwambia kwamba hiyo nimeshaisikia. Ukimkuta mzazi wako kapigwa ukaanza na "mama na wewe unakuwaje mjinga hivyo", umemsaidia tapeli, maana siku nyingine akipigiwa simu wewe ndo utakuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Mifuko ya hifadhi ya jamii yenyewe imeshatoa matangazo kutahadharisha wastaafu kuhusu simu hizi za mafao, na mafao ya kweli hayadai salio kwenye laini yako, wala hakuna hela unayotuma mbele ili hela yako mwenyewe itoke.

Lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri ndio geti la mwisho. Liangalie, jina na kiasi, alafu uwe umenyamaza. Nimeona mara nyingi kwamba hapo hapo ndipo tapeli anaongea haraka kuliko sehemu nyingine zote, anapaza sauti, anakwambia muda unaisha mfumo utafunga, kwa sababu anajua ukisoma tu umemkamata. Na watu wanauliza sasa kama jina linatokea si tunamjua mwizi? Humjui. Lile jina mara nyingi ni la mtu masikini wa Mungu ambae hana habari. Tangu usajili wa alama za vidole uanze kusimamiwa, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, matapeli wanahitaji vidole vya watu, na wanavipata barabarani. Unaenda kusajili laini kwa kijana mwenye mwamvuli, unaweka kidole, anakwambia aah mtandao umekataa mama, weka tena, weka na hiki kingine. Ile mara ya pili anaweza kuwa anasajili laini nyingine kwa jina lako na hiyo haondoki nayo mtu mwema. Piga *106# kwa laini yako, fuata maelekezo, utaona namba zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta usiyoijua nenda duka la huo mtandao wakaifute. Naomba hili ulifanye kweli na ukimaliza uchukue simu ya mama na ya baba na ya dada wa kazi uwafanyie na wao, kwa sababu polisi wakija kufuatilia wizi uliofanywa na laini yenye jina lako, wa kwanza kujieleza ni wewe.

Ripoti za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa namba zinazohusika na utapeli, na watu wakaanza kuwasema watu wa Ifakara na Sumbawanga kama vile wote ni wezi, hapana, wakulima wengi wa huko vidole vyao vimetumika tu. Hilo niliseme kwa sababu nina wateja wa huko na wanachoka.

Nyingine ni ile ya "samahani ndugu nimekosea nimetuma hela kwako, naomba unirudishie nina mgonjwa". Inatanguliwa na meseji iliyoandikwa kabisa kama ya mtandao, kiasi, muda, salio jipya, namba ya muamala, kila kitu. Hapo usiangalie meseji, angalia salio kwenye menyu. Meseji mtu anaweza kuiandika mwenyewe kwa vidole vyake, salio hawezi kuliandika. Na hata ukikuta hela imeingia kweli, usirudishe wewe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake waurudishe muamala wao, na wewe usiitumie hiyo hela iache hapo. Kuna watu wanatuma kweli, unawarudishia kwa huruma, alafu wanaenda tena kudai kwa mtandao kwamba walikosea, unakatwa mara ya pili. Anaelia kuhusu mgonjwa na hataki kupiga huduma kwa wateja, jiulize kwa nini.

Mzazi mwenye mtoto bweni nae ana ya kwake. "Mimi ni mwalimu wa zamu, mwanao kaanguka bafuni tuko nae njiani hospitali, daktari anataka laki na nusu ya vipimo sasa hivi." Jina la mtoto wanalo, la shule wanalo. Huo mshtuko sijui nani anauweza, mimi simlaumu mtu aliyetuma. Kinachosaidia ni kuandaa mapema, uwe na namba mbili tatu za shule ulizozichukua mwenyewe shuleni, mkuu wa shule, matroni, na ukipigiwa hiyo simu unakata unapiga wewe. Wewe ndo upige. Hicho ndicho kitu ambacho tapeli hana dawa nacho, wewe kukata na kupiga namba unayoijua. Hata sauti siku hizi usiiamini peke yake, akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu. Na kwenye WhatsApp ndo kabisa, wanaiteka akaunti ya shemeji yako wanaanza kukopa laki mbili mbili kwa watu wote, "kesho asubuhi narudisha", na akaunti waliiteka kwa kumuomba tu zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, eti wamezituma kwake kwa bahati mbaya. Zile tarakimu hazitolewi kwa mtu. Ingia kwenye settings uwashe ile hatua ya pili ya uhakiki, utaweka pini yako, haikuchukui muda.

Sasa nije kwenye upatu wa mtandaoni, maana hii hela yake ni nyingi kuliko zote na inavunja ndoa.

Hapa tapeli hakupigii. Anaekuletea ni mtu unaempenda. Dada wa kwaya, mwalimu mwenzako, mtoto wa baba mkubwa, na anakuletea kwa nia nzuri kabisa kwa sababu yeye ameshalipwa. Hilo ndilo watu wanashindwa kulielewa, kwamba mwanzoni zinalipa kweli. Zinalipa kwa sababu hela ya aliyeingia leo ndio inampa aliyeingia mwezi uliopita. Mwaka 1920 kule Boston Marekani kuna mtu anaitwa Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, akawalipa wa mwanzo, mji ukachanganyikiwa, na mwaka huo huo ukaanguka. Kwetu 2009 tulikuwa na DECI, watu wanatoa hela wanaiita kupanda mbegu, wanasubiri kuvuna, lugha ya kanisani kabisa na walioiongoza ni wachungaji, serikali ilivyoifunga wapo waliokasirikia serikali badala ya DECI. Viongozi wake walikuja kutiwa hatiani mahakama ya Kisutu mwaka 2013. 2020 ikawa zamu ya kuku, unatoa hela unafugiwa bila hata kuliona banda, Kisutu tena, na zaidi ya shilingi bilioni 5 zikataifishwa. 2022 ikaja Kalynda, upatu mwingine wa mtandaoni, mpaka mwaka unaisha watu wanalia. Mwanzoni mwa 2025 LBL, unaangalia video kwenye simu unalipwa kwa siku, ofisi zimefunguliwa mikoani na watu wakivaa tisheti, siku moja hela hazitoki, polisi wakakamata watu mikoa mbalimbali.

Kuku, mbegu, video, hakuna hata kimoja hapo kilichokuwa kinaingiza hela. Ukimuuliza mtu hela inatoka wapi anakwambia "kampuni iko London inatangaza filamu". Sawa, nani duniani analipa mtu wa Mbagala maelfu ya shilingi kila siku kuangalia kipande cha filamu sekunde kadhaa? Na kama analipa, kwa nini ulipe wewe kwanza ili uruhusiwe kuangalia? Hapo ndo pa kukaa na kufikiri, kabla ya kuuliza kama wameshalipa watu au hawajalipa. Watakuwa wameshalipa watu.

Chukua karatasi tupige hesabu. Mtu mmoja aingize watano, kila mmoja wao aingize watano. Hatua ya pili ni 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125. Inaonekana ndogo tu. Hatua ya kumi na moja ni watu 48,828,125. Ya kumi na mbili ni zaidi ya milioni 244, na sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo haihitaji serikali kuifunga ili ife. Inakufa yenyewe kwa kuishiwa watu, na siku inayokufa, walioingia karibuni ndio wengi kuliko wote waliotangulia kwa ujumla wao. Hapo ndipo alipo shemeji yako uliyemuingiza wiki iliyopita.

Na ile "usimwambie mtu" niliyoanza nayo iko humu pia ila imevaa nguo nzuri. Kwenye magrupu yao wanafundishwa kabisa: utawaambia watu watakukatisha tamaa, masikini hawapendi kuona mwenzao anatoka, usimwambie mumeo mpaka uone faida ya kwanza. Mtu anachukua mkopo wa kikundi bila mwenzake kujua. Nimewatolea hela watu wa namna hii, wanakuja wawili wanafurahi, na mimi nikisema kitu naambiwa wakala una roho ya korosho. Sheria yetu ya kanuni za adhabu inakataza huu upatu, sio tu kuuanzisha, hata kuupigia debe na kuwaingiza wenzako, kwa hiyo yule dada wa kwaya anaekutumia linki nae anajiweka pabaya bila kujua. Mchezo wenu wa akina mama kumi mnaojuana, kila wiki anapokea mmoja mpaka mnamaliza mzunguko, huo ni kitu kingine kabisa, hela inayotoka ni ile ile mliyoweka na hakuna anaeahidiwa faida.

Nyingine nitapita haraka maana mnazijua. Mkopo wa nafuu bila dhamana ila tuma elfu ishirini ya kufungua faili kwanza, hakuna mkopo hapo. Mikopo ya apu kwenye simu, kausha damu ya kidijitali, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni, na ukiipakua inachukua majina yote kwenye simu yako, ukichelewa kidogo inawatumia meseji ya matusi kuhusu wewe mpaka bosi wako. Ajira za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal na hakuna hela ya usaili, anaekudai elfu hamsini ya kulipitisha jina lako hana hiyo kazi. Kazi za Oman na Dubai, muulize wakala huyo kibali chake, alafu uende TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waulize kama wanamtambua, kabla hujauza shamba la mzee. Na yale matangazo ya kujiunga na Freemason yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yenye namba ya simu, kuna watu wanatuma kweli hela ya usajili, na kwa kuwa wanaona haya kusema walitaka nini, hao ndo hawaripoti kabisa, na matapeli wanalijua hilo.

Wasomaji wangu wa Kenya, utapeli huu wa simu kwenu mnauita mambo ya Kamiti, lile gereza, na kwenu ni rahisi kidogo kutambua kwa sababu Safaricom wenyewe wamesema simu yao kwa mteja inatoka 0722 000 000, nyingine yoyote inayojiita Safaricom kata, na meseji za kitapeli mnazituma 333. Sisi huku huduma kwa wateja ni 100 kwa mitandao yote, na wao wakikupigia wanatumia hiyo hiyo 100. Mtu wa 07 au 06 ya kawaida akisema anatoka makao makuu usianze kubishana nae, kata.

Mawakala wenzangu nina neno na nyie. Najua kamisheni inakuja hata hela ikienda kwa mwizi. Najua pia ukiuliza sana mteja anahamia kibanda cha jirani. Uliza tu. Mtu mzima akija na simu sikioni, mwambie kwa heshima "mama maliza kwanza kuongea ndo nikuhudumie", basi, hujamkosea mtu. Na sisi wenyewe tunapigwa, anakuja mtu mtanashati anataka kuweka milioni kwenye laini fulani, anakuharakisha utume ndo ahesabu hela, ukishatuma anakumbuka hela ameiacha kwenye gari. Hela ihesabiwe ikiwa upande wako wa dirisha ndio ubonyeze. Na mteja, hata mimi wakala usinipe namba yako ya siri. Wazee wengi wanatuambia "nibonyezee mwanangu, namba ni hii hapa", wanatuamini, na wapo wenzetu waliokula hiyo imani. Kama macho hayaoni vizuri njoo na mjukuu.

Ikishatokea umetuma, dakika za mwanzo ndo za maana. Piga 100 hapo hapo, usisubiri kwanza kubembelezana na tapeli kwa simu, hela ikiwa bado haijatolewa wanaweza kuizuia, na wao wanaitoa haraka sana kwa wakala kama mimi wa upande wa pili au wanaihamishia laini nyingine. Andika namba ya muamala pembeni. Meseji usiifute hata kama inakutia hasira, ifowadi kwenda 15040 ambayo ni ya TCRA, ufuate maelekezo uweke na namba iliyokutumia, inafungiwa, na hii unaweza kufanya hata kama hujatapeliwa, umeipata tu meseji. Alafu nenda polisi uchukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa sababu mtandao au benki wakitakiwa kutoa taarifa za mwenye laini wataanzia hapo. Kama ulitaja namba ya siri ibadilishe kwanza kabla ya yote haya.

Na ujiandae kwa wimbi la pili. LBL na Kalynda zilivyoanguka walitokea watu kwenye magrupu yale yale wakisema akaunti zitafunguliwa ukilipia kodi kidogo, wengine wakijiita wanasheria au watu wa usalama wa mtandao wanaoweza kurudisha hela kwa asilimia fulani, tanguliza elfu thelathini ya kufungulia jalada. Jalada la polisi halifunguliwi kwa kutuma hela kwenye simu ya mtu. Hao wanajua wewe ni nani kwa sababu namba yako iko kwenye orodha ya waliowahi kutuma, na orodha hizo wanauziana. Wanakupata usiku, una hasira, una deni la kikundi, bado hujamwambia mtu nyumbani.